Siku niliyosimama juu ya kreti sokoni Mwingi

Najua nimepotea. Wengine mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimepata kazi ng'ambo nikawasahau. La, nipo. Nipo Mwingi, nyumbani kwa mama, na kilichoninyamazisha ni aibu tu. Hapa nimezoea kuwaeleza programu zangu zinazofanya kazi. Leo nitawaeleza ile iliyowatia watu hasara. Vuta kiti, ni hadithi ndefu kidogo, na katikati tutapitia Roma ya kale. Usishtuke, utaona kwa nini.

Kwa msiopajua, Mwingi ni mji wa Ukambani ulioko kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Garissa. Ukipanda basi la Garissa utapita hapa, na pengine utanunua asali, maana asali ya Mwingi ina jina. Zamani tulikuwa wilaya yetu wenyewe, sasa tuko ndani ya kaunti ya Kitui. Nchi ni kavu. Mahindi ni bahati nasibu, lakini ndengu (nyinyi wa Tanzania mnaziita choroko) hazina shida na ukame kama mahindi. Watu hupanda mvua za Oktoba zikianza, huvuna kuanzia Januari, na wiki hizo ndizo ada za shule zinalipwa. Kwa hiyo ukitaka kujua Februari ya familia ya Mwingi itakuwaje, uliza bei ya kilo moja ya ndengu.

Nami, kijana niliyesomea sayansi ya kompyuta kwa gharama ya ndengu hizo hizo, nikaona hapo pana kazi yangu.

Tatizo nililoliona lilikuwa hili. Siku ya soko malori ya wanunuzi huegeshwa sehemu mbili tatu, na kila broka ana bei yake. Mama anayefika na gunia mgongoni mwa punda, au kwenye bodaboda, hana nafasi ya kuzunguka kote. Nikasema, jambo jepesi hili! Nikatafuta vijana wawili wanaoshinda sokoni, kila asubuhi wananitumia bei walizozisikia, programu inatoa wastani, na yeyote anayetuma neno "ndengu" kwa namba yangu anajibiwa. Haihitaji simu ya bei ghali wala intaneti. Majibu yalikuja kwa Kikamba au Kiswahili, kwa mstari mmoja: Ndengu leo, shilingi kadhaa kwa kilo.

Likumbuke hilo neno "leo". Tutalirudia.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Mabroka walininunia, nami nikalichukulia hilo kama cheti. Mama yangu alikuwa akiwaambia wenzake, "Muulizeni mwanangu," kisha anatoa simu. Mimi nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo kwamba nimeliondoa soko, nimelitia ndani ya simu, na sasa uwanja ule wa vumbi na kelele ni mahali pa kupakia mizigo tu.

Sasa, nilipoandika programu ile kulikuwa na swali dogo: kama vijana wangu hawakutuma bei siku hiyo, mteja ajibiwe nini? Nilifikiri kwa dakika mbili, labda tatu. Nikaona kumjibu mtu "hakuna habari" ni kumvunja moyo, atadhani mtambo umekufa. Basi nikaiambia programu irudishe bei ya mwisho iliyopo. Mstari mmoja wa msimbo. Sikubadilisha maneno ya ujumbe. Kwa hiyo bei ikiwa ya leo, ya juzi au ya mwaka wa kwanza wa uhuru, ujumbe ungesema ni ya leo.

Mnaona linakokwenda.

Februari mwaka juzi, kijana wangu mmoja alikuwa mgonjwa na mwingine alikwenda mazishini. Siku ya soko ikaingia bila bei. Bei ya mwisho kwenye hifadhidata ilikuwa ya wiki iliyotangulia, shilingi 104. Katika wiki hiyo mavuno ya sehemu nyingine yalikuwa yameingia kwa wingi, na bei yenyewe asubuhi ile ilikuwa 92. Mabroka wakasema 92. Simu ikasema 104, leo. Kina mama wakaamini simu. Kwa nini wasiiamini? Msimu mzima ilikuwa imewaambia kweli, na msimu mzima mabroka walikuwa wanajaribu kuwapunja. Wakakaa juu ya magunia yao, wakangoja. Saa tisa malori yakaondoka. Wiki iliyofuata waliuza kwa 83.

Walikuwa wanawake 12, magunia 33 ya kilo 90. Mmoja wao alikuwa mama yangu.

Jambo linaloniuma mpaka leo si ule mstari wa msimbo. Nililolijua baadaye ni kwamba kabla ya namba yangu kuwapo, kina mama wale walikuwa na njia yao. Mmoja alibaki na magunia, mtoto akatumwa kwa malori ya upande wa pili, mwingine akaenda kujifanya ananunua kamba karibu na mizani huku akisikiliza. Baada ya dakika 10 wanakutana, wanalinganisha. Uongo haukudumu pale kwa sababu uliweza kuzungukwa kwa miguu. Mimi nilipowapa jibu moja lililonyooka, waliacha kuzunguka. Mwanamke mmoja tu, wa 13, aliuza siku ile kwa 92. Hakuwa na salio la simu, akalazimika kuuliza kwa mdomo.

Habari ilinifikia Nairobi usiku kwa simu ya mama. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, siku ya soko utakuja," kisha akaanza kuniuliza kama nimekula.

Wiki ile sikulala vizuri, na mtu asiyelala husoma. Nikaanza na jambo ambalo mwalimu mmoja wa chuo alilitaja zamani kama mzaha, kwamba mtu wa kwanza kufungua data za serikali kwa umma alikuwa karani wa Kirumi. Nilidhani ni masihara. Nikalifuata. Mtu huyo yupo: Gnaeus Flavius, karani, baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Siku hizo mahakama ya Roma haikukaa kila siku, na orodha ya siku zinazoruhusiwa ilijulikana kwa makuhani na wakubwa. Mwananchi alipaswa kwenda kuwabembeleza ili aambiwe lini anaweza kushtaki. Mwaka 304 K.K. Flavius alichaguliwa kuwa msimamizi wa mji, mmoja wa wale waliokagua pia masoko na mizani, akaiandika kalenda nzima kwenye mbao nyeupe na kuzisimamisha Forum, uwanja wa katikati ya Roma, kila mtu asome. Mwandishi Livius anasema wakubwa walichukia uchaguzi wake mpaka wengi wao wakavua pete zao za dhahabu kama watu wa msibani. Mabroka wangu walininunia tu!

Basi nikaingia kwenye Forum yenyewe. Nilikuwa naiwazia kama uwanja wa maraisi, marumaru na sanamu. Kumbe ilianza kama bonde la kinamasi kati ya kilima cha Palatino na cha Kapitolino, likakaushwa kwa mtaro mkubwa. Palikuwa na jumba la seneti, hekalu la Saturno lililokuwa pia hazina ya dola, na jukwaa la wasemaji lililoitwa Rostra kwa sababu lilipambwa kwa midomo ya merikebu zilizotekwa Antium mwaka 338 K.K. Hayo yako katika kila kitabu. Mimi nilichokipenda ni yale mengine: wabadilishaji fedha na meza zao, maduka, na wavivu waliochora vibao vya mchezo kwenye ngazi za jumba la mahakama (michoro hiyo ipo mpaka leo, nenda Basilica Julia ujionee). Yaani kesi inanguruma ndani, nje watu wanacheza bao. Ukifika Mwingi siku ya soko hutaona tofauti kubwa, isipokuwa ngazi.

Tena walikuwa na siku ya soko! Kila siku ya nane, watu wa mashambani walikuja mjini kuuza na kununua. Kwenye kalenda zao siku ziliandikwa herufi A mpaka H, kisha zinaanza upya, kama tunavyohesabu sisi waandika programu. Na kwa kuwa mkulima alikuwa tayari yuko mjini, mambo ya umma yalipangwa yamkute hapo. Sheria ya mwaka 287 K.K. iliruhusu mashauri yasikilizwe siku za soko, ili mtu auze kitunguu chake na kufuata kesi yake kwa safari moja. Pendekezo la sheria mpya lilipaswa kutangazwa kwa kipindi cha siku za soko tatu kabla ya kura, na mwaka 98 K.K. jambo hilo likawekewa sheria yake. Siku tatu za soko! Sisi tuna katiba ya 2010 inayotaja ushirikishaji wa wananchi kama tunu ya taifa, jambo zuri sana, lakini ningefurahi kama mtu angeandika ndani yake: tangazo litabandikwa penye mbuzi na nyanya, mara tatu.

Kisha nikafika kwenye sheria yao ya deni na tumbo likanikata. Katika Mbao Kumi na Mbili, sheria za karibu mwaka 450 K.K., mdaiwa aliyeshindwa kulipa aliweza kufungwa na mdai kwa siku 60. Katika siku hizo alitolewa mbele ya watu siku tatu za soko mfululizo, na kiasi anachodaiwa kikatangazwa kwa sauti, pengine atokee mtu wa kumlipia. Asipotokea, aliuzwa utumwani ng'ambo ya mto Tiber, au mabaya zaidi. Nikaifunga kompyuta. Ilikuwa saa nane usiku.

Msinielewe vibaya, sikudhani kina mama wa Mwingi wataniuza ng'ambo ya mto Tana.

Nilipanda matatu alfajiri. Njiani nilikuwa naye babu akilini, marehemu sasa, aliyetuambia habari za thome. Thome kwa Mkamba ni uwanja mdogo nje ya mlango wa boma, pamewashwa moto jioni, wanaume wamekaa kwenye viti vyao vya miguu mitatu. Hapo ndipo habari zililetwa, mgeni alihojiwa, mahari na mipaka ya shamba ilijadiliwa, na wavulana walikaa pembeni wakijifunza kunyamaza. Kesi kubwa zilikwenda kwa nzama, baraza la wazee. Msweden Gerhard Lindblom, katika kitabu chake juu ya Wakamba, aliandika habari za thome. Babu alikuwa akisema kwamba thome ilikuwa na sheria moja kuliko zote: uliyemsema, umseme akiwa amekaa hapo. Nami nilikuwa nimejenga kitu ambacho msemaji wake hakuonekana na mtu. Ilikuwa ni namba tu.

(Wakamba wanajua pia kuugeuza uwanja wa watu kuwa thome. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipokamata ng'ombe wa Machakos ikisema ni wengi kupita kiasi, Muindi Mbingu na maelfu ya watu walikwenda Nairobi, wakakaa Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Hawakurusha jiwe. Walikaa tu, waonekane. Muindi Mbingu alihamishwa Lamu kwa nguvu, lakini mpango wa kuwanyang'anya ng'ombe kwa lazima uliachwa.)

Mwingi wanasiasa hupenda Musila Gardens, penye nafasi ya jukwaa na vipaza sauti. Sisi tulikuwa kule kwenye ndengu, kati ya magunia. Mwenyekiti wa kina mama alinionyesha kreti ya soda iliyogeuzwa. "Panda hapo, watu wakuone." Nikamwambia, "Mwaitu, naweza kusema nikiwa chini." Akasema, "Hata bei tulikuwa hatuoni inatoka wapi. Panda."

Nikapanda. Cicero, msemaji mkubwa kuliko wote waliosimama Rostra, aliuawa mwaka 43 K.K. na kichwa chake na mikono vikatundikwa pale pale alipokuwa akihutubia, kwa hiyo mimi na kreti yangu sikuwa na haki ya kulalamika. Lakini miguu ilitetemeka. Nilieleza. Nilianza na maneno ya kitaalamu, hifadhidata na wastani, mzee mmoja wa punda akapiga miayo waziwazi. Nikaacha. Nikasema: "Siku ile sikuwa na bei. Badala ya kusema sina, niliwapa ya zamani nikaiita ya leo." Pakawa kimya. Mwanamke mmoja, ambaye mwanawe alikuwa amekwama nyumbani kwa ada ya kidato cha kwanza, akasema, "Kwa hiyo ulidanganya." Nilitaka kusema hapana, ni hitilafu. Nikasema ndiyo.

Baada ya hapo ndipo kesi ilipoanza hasa, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni kesi. Swali lilikuwa hasara ni kiasi gani. Upande mmoja ulisema niliahidi 104, wameuza kwa 83, kwa hiyo nadaiwa 21 kwa kila kilo. Upande mwingine, ukiongozwa na yule yule mzee wa miayo, ulisema hapana, 104 siku hiyo haikuwapo mfukoni mwa broka yeyote, huwezi kupoteza pesa ambayo haikuwepo. Kilichokuwepo ni 92. Wamepoteza 9. Watu wasiohusika walisimama kusikiliza, muuza malenge, makanga wawili, hata broka mmoja aliyeitwa kuthibitisha bei ya siku ile, akathibitisha huku akicheka pembeni ya mdomo. Sijawahi kuona kikao cha kukagua msimbo kilichokuwa makini namna ile. Mtu akisema neno la kupindisha, wanne wanamrudisha.

Na tofauti na thome ya babu, wasemaji wakuu walikuwa wanawake. Katika hilo Roma ilikuwa kama thome, mwanamke hakupiga kura wala kushika cheo. Ila mwaka 42 K.K. watawala watatu walipotaka kuwatoza wanawake matajiri 1,400 gharama za vita, Hortensia aliingia Forum akahutubia: kwa nini tulipe kodi nasi hatuna sauti katika vyeo wala majeshi? Walijaribu kuwafukuza, umati ukapiga kelele, na kesho yake idadi ikashushwa mpaka 400. Nilipomsikia mwenyekiti wetu akipiga hesabu kwa kichwa, kilo 90 mara magunia, bila karatasi, nilimfikiria.

Mama yangu alijitoa. Alisema magunia yake mawili yasihesabiwe, kwa sababu pesa hiyo itatoka mfuko huu na kuingia mfuko ule wa boma moja. Yakabaki 31. Mara 90, kilo 2,790. Mara 9, shilingi 25,110. Niliwaambia ukweli kwamba sina zote. Wakashauriana kidogo, mwenyekiti akasema nitalipa siku za soko tatu, 8,370 kila siku, hapa hapa, mbele ya watu, si kwa kutuma kwa simu.

Siku tatu za soko. Sikumweleza mtu yeyote pale kwa nini nilicheka, na mama alinikata jicho.

Nililipa. Kila mara mwenyekiti alitaja kwa sauti kilicholipwa na kilichobaki, wale waliokuwa wakipita wakasikia. Mara ya kwanza ilikuwa fedheha tupu. Mara ya pili wanawake wawili walinisalimia vizuri. Mara ya tatu yule mwenye mtoto wa kidato cha kwanza alichukua pesa yake, akaihesabu mara mbili, akaondoka bila neno. Mtoto alikuwa amekwisha kwenda shule, alikuwa ameuza mbuzi. Hesabu yetu ya shilingi 9 kwa kilo haikumhesabu mbuzi huyo, wala hakuna aliyesimama kulisema, hata mimi niliyekuwa nalijua.

Mnaouliza habari za Forum siku hizi: baada ya dola kuanguka uwanja ulifunikwa na udongo, na kwa karne nyingi watu wa Roma waliuita uwanja wa ng'ombe. Walilisha na kuuzia mifugo pale pale. Ningekuwa Mkamba wa enzi hizo Roma ningejua nianzie wapi kuuliza bei.

Programu bado ipo. Neno "leo" nimelitoa, kila bei inakuja na siku na saa iliyosikika, na kwenye lori la upande gani. Sitoi wastani tena, natuma bei zote tatu hata zikigombana. Kama hakuna bei, ujumbe unasema haijasikika, uliza sokoni. Maombi yamepungua karibu nusu tangu nifanye hivyo, na wiki iliyopita nilimwona mtoto akikimbia kati ya malori, ametumwa. Bado sijapata njia ya kuonyesha tarehe vizuri kwa Kikamba ndani ya herufi 160 pamoja na bei tatu. Mwenye wazo aniandikie, nami sasa nakwenda kumsaidia mama kushona magunia.